Ndege wa picha ile alikuwa nani?

Juma moja kabla ya likizo picha moja ilizunguka katika telefone za mtaa wetu. Ndege mkubwa wa kijivu amesimama juu ya bati la mama mzee mmoja, mjane. Uso wake hauna manyoya, ni mwekundu kama uso wa mtu mwenye hasira. Miguu ni mirefu, ya manjano. Chini ya picha mtu ameandika: "Huyu si ndege."

Kufika jioni, majirani wawili wanaochota maji pamoja naye waliacha kumsalimia. Kesho yake mjukuu wake, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tano, hakufika masomoni.

Nawaambia ukweli, hata mimi sikumjua ndege yule. Nimekomalia hapa Ituri, pori liko karibu, lakini ndege ninaowajua kwa jina hawapiti vidole vya mikono. Basi nilifanya kama ninavyowafundisha watoto katika hesabu: usikimbilie jibu, tazama kwanza.

Nilileta picha darasani, nikakataza mtu yeyote kutaja jina. Tulianza na ukubwa. Tulimlinganisha na upana wa bati, tukaona anapita sentimeta 60 kutoka mdomo hadi mkia. Mdomo umepinda kwenye ncha: huyo anakula nyama. Tumbo lina mistari myembamba, myeusi na myeupe. Mkia ni mweusi, una mstari mmoja mpana mweupe katikati. Halafu mtoto mmoja akauliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuuliza: "Mwalimu, kando ya nyumba kuna nini?" Kuna mti wa mawese, umejaa viota vya ndege wadogo wanaosuka majani.

Nilikwenda kwa mjukuu, nikamwuliza ndege yule anafanya nini. Akasema ananing'inia kwenye viota, anapigapiga mabawa, anaingiza mguu ndani.

Mwalimu mwenzangu wa biolojia ana kitabu cha ndege wa Afrika. Tukamkuta humo: Kifaransa kinamwita gymnogène, ndege wa jamaa ya kipanga. Uso wake ni wa manjano akitulia; akishtuka au akichangamka, unageuka mwekundu. Kiungo cha mguu wake kinapinda mbele na nyuma, ndiyo maana anaweza kutoa mayai na vifaranga ndani ya tundu. Anakula pia mijusi na matunda ya mawese. Hakumfuata mama mzee. Alifuata mawese na viota.

Picha inaweza kudanganya, hata bila mtu kutaka. Jua la jioni linabadili rangi. Picha isiyo na kitu cha kulinganisha inaficha ukubwa. Na mtoto wa ndege hafanani na mzazi: wa huyu ni wa kahawia.

Hata wenye elimu wanakosea. Mwaka 1913, hapa hapa Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya kwenye kofia ya mtu, hakujua ni wa ndege gani. Akautunza. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya kama ule. Karatasi yao ilisema ni watoto wa tausi wa India. Kumbe ni tausi wa Kongo, anayeishi katika pori la inchi yetu peke yake! Jina la uongo lilikaa juu yao, na watu wakapita wakilisoma.

Basi mama, ukitumiwa picha ya ndege usiyemjua, uliza kabla ya kuituma kwa mwingine: Ukubwa wake ni kama wa nani? Mdomo ukoje? Miguu na mkia je? Amesimama wapi, na karibu kuna chakula gani? Nani alimwona kwa macho, na alikuwa anafanya nini?

Jumamosi wamama watatu wa kikundi chetu tulikwenda na kitabu kwa mama mzee. Tulikaa kivulini mpaka ndege akarudi kwenye mawese. Akaning'inia kichwa chini, akaingiza mguu katika kiota, na sisi tukacheka kwa furaha. Mama mzee hakucheka. Akasema: "Ndege mmemjua. Na mimi, mlinijua miaka yote hii?"

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alisimama, akachukua bidoni yake tupu, akaenda kumchotea maji. Jumatatu mtoto alirudi darasani. Maneno yale chini ya picha, aliyeyaandika hajayafuta hadi leo.