Unga wa misuli: Je, una faida kwa mnyonga baiskeli?

Kwa miaka mingi, omena na mbuta wa Sori na Muhuru Bay walikuwa wakifika masokoni wakiwa wamefungwa kwenye keria ya baiskeli. Mwendeshaji aghalabu alikuwa mtu mwembamba, baiskeli yake ni ile Black Mamba ya chuma inayokaribia kilo 20, na mzigo wake mara nyingine ulimzidi yeye mwenyewe kwa uzani. Chakula chake kilikuwa ugali, samaki na chai ya rangi. Hakuna aliyemuuliza anatumia nini kupata nguvu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Bodaboda za injini zikafurika Migori, Awendo, Rongo na Homa Bay, na baiskeli ikasukumwa kando ya barabara. Hata hivyo, haikufa. Wapo vijana wanaoinyonga Jumapili asubuhi kwa ajili ya afya, wapo wanaoota mashindano, na wapo ambao wakishuka huingia jimu kunyanyua vyuma. Hao ndio wanaouliza kuhusu kopo la unga mweupe uitwao kreatini.

Wazazi nao wana maswali yao. Je, unga huo ni dawa ya kulevya? Je, utamharibu mtoto figo?

Tuanze na lililo rahisi. Kreatini si dawa ya kulevya, si homoni, na haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa za kusisimua misuli. Isitoshe, msomaji, unayo mwilini sasa hivi unaposoma ukurasa huu. Mtu wa kilo 70 huwa na takriban gramu 120, karibu zote zikiwa ndani ya misuli. Kila siku gramu 2 hivi huchakaa na kutoka kwa mkojo. Karibu nusu ya pengo hilo huzibwa na mwili wenyewe, kazi inayofanywa na figo na ini. Nusu ya pili hutoka kwa nyama na samaki tunaokula.

Wala si uvumbuzi wa juzi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua mwaka 1832 ndani ya nyama, akaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya nyama. Mwaka 1847 Mjerumani Justus von Liebig aliona kwamba mbweha waliouawa wakiwindwa walikuwa na kreatini nyingi zaidi misulini kuliko mbweha waliofungiwa kizimbani. Lakini ilichukua hadi 1992 kwa watafiti Roger Harris na Eric Hultman kuonyesha kwamba mtu akila unga wake kwa siku chache, akiba iliyo ndani ya misuli yake huongezeka. Baada ya hapo wafanyabiashara hawakulala.

Sasa, unga huu hufanya kazi gani? Msuli hauli ugali moja kwa moja. Hutumia kemikali iitwayo ATP, na iliyo tayari msulini huisha kwa sekunde chache tu ukikanyaga pedali kwa nguvu zako zote. Hapo ndipo kreatini huingia, kama jirani anayekukopesha sukari kabla duka halijafunguliwa. Huikarabati ATP iliyotumika ili itumike tena. Mkopo huo nao hudumu sekunde 10 hivi. Baada ya hapo mwili hutegemea wanga na mafuta, na pumzi yako.

Kwa mnyonga baiskeli, basi, sekunde hizo 10 ndizo za kuling'oa gurudumu mzigo ukiwa umejaa, za kupita kilima kifupi bila kushuka, au za kufyatuka mita 200 za mwisho wa mashindano. Kama safari yako ina mifyatuko mingi ya namna hiyo yenye mapumziko kati yake, kreatini inaweza kukusaidia. Mnyanyua vyuma naye husaidika kwa sababu hiyo hiyo: anaongeza unyanyuzi mmoja au miwili kila awamu, na baada ya miezi misuli hukua. Hata Jumuiya ya Ulaya, ambayo ni kali kuhusu maneno yanayoandikwa kwenye makopo, iliruhusu mwaka 2012 kampuni kusema kwamba gramu 3 kwa siku huongeza uwezo katika mazoezi mafupi ya nguvu yanayorudiwarudiwa. Mwaka huo haikuruhusu zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hawafanyi mazoezi ya namna hiyo. Anayenyonga saa mbili kwa mwendo mmoja kutoka Migori hadi Awendo na kurudi hawezi kutarajia mengi. Wala anayetembea.

Kuna na suala la uzani. Katika siku za kwanza unga huu huvuta maji na kuyaweka ndani ya misuli, na mtu huongeza kilo moja au mbili. Kijana wa jimu akijitazama kwenye kioo hufurahi. Mpanda milima asiwe na haraka ya kufurahi. Chukua mfano wa anayetoka Homa Bay, mji ulio ufuoni mwa ziwa kwa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, akielekea Kisii iliyo karibu na mita 1,700. Tuseme yeye na baiskeli yake ni kilo 85. Ukimwongezea kilo moja na nusu, umemzidishia mzigo kwa karibu asilimia 2. Kama sehemu ya kupanda ingemchukua saa nzima, atachelewa kwa takriban dakika moja, na katika mashindano dakika moja ni bahari.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa mengi na Mkenya David Kinjah, alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mtu huyo ana urefu wa sentimita 186, lakini enzi hizo alikuwa na uzani wa chini ya kilo 70. Wapanda milima hupunguza kilo, hawazitafuti.

Kwa safari ndefu, ukiniuliza, chai nyeusi ina ushahidi mzuri kuliko kopo hili. Kafeini imethibitishwa mara nyingi kwamba husaidia katika mazoezi ya muda mrefu, na bei yake kila mtu anaijua.

Tukirudi ziwani, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Nyama ya ng'ombe na samaki wengi huwa na kati ya gramu 3 na 5 za kreatini kwa kila kilo kabla ya kupikwa. Mtu anayekula samaki kila siku, kama wengi wa Homa Bay na Mbita, misuli yake huenda tayari ina akiba ya kutosha, na akiongeza unga hataona tofauti kubwa. Misuli ina kikomo; ikijaa, ziada huenda na mkojo. Kinyume chake, mwanafunzi wa Nairobi anayeishi kwa githeri, maharagwe na sukuma wiki ana akiba ndogo, kwa maana mimea haina kreatini ya kuhesabika. Huyo ndiye huona mabadiliko. Ajabu ni kwamba ndiye pia asiye na pesa za kununua kopo!

Kwa hivyo tuzungumzie pesa. Maagizo mengi kwenye makopo humwambia mtumiaji aanze na gramu 20 kwa siku kwa wiki nzima, kisha ashuke hadi 3 au 5. Piga hesabu: wiki hiyo ya kwanza pekee humeza gramu 140, karibu nusu ya kopo la gramu 300. Utafiti uliochapishwa 1996 ulionyesha kwamba anayetumia gramu 3 tu kila siku hufika pale pale baada ya siku 28 hivi. Tofauti ni subira. Kwa gramu 5 kwa siku kopo hilo hudumu miezi miwili, na kuhara na tumbo kuvurugika, ambako huwapata baadhi ya wanaobugia kingi kwa pamoja, hupungua. Tena usishawishiwe na aina mpya zenye majina marefu na bei maradufu. Ile ya kawaida, kreatini monohaidreti, haijapitwa na yoyote. Ikoroge na uinywe; ikikaa siku nyingi ndani ya maji hugeuka taka isiyo na kazi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kopo lenyewe. Kati ya 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 za lishe ya michezo zilizonunuliwa katika nchi 13. Bidhaa 94, yaani karibu asilimia 15, zilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Kwa mtu wa kawaida hilo ni hatari ya kiafya. Kwa mwanamichezo ni hatari ya kupoteza kazi yake. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016 na kuunda shirika la ADAK, na kanuni za michezo hazina huruma: kikipatikana mwilini mwako, ni chako, hata kama kiliingia kupitia unga ulionunua kwa nia njema. Anayeshindana atafute bidhaa yenye alama ya Informed Sport, ambayo huonyesha kwamba shehena yake imepimwa. Unga unaopimwa kwa kijiko na kufungwa katika karatasi ya nailoni mlangoni mwa jimu hauna alama yoyote.

Na walio chini ya miaka 18? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani huwashauri wasitumie bidhaa za kuongeza nguvu za michezo. Mimi pia naona mvulana wa kidato cha pili anahitaji mayai na usingizi kwanza.

Sasa figo. Kwa mtu mzima mwenye figo zima, tafiti za miaka zaidi ya 25 hazijaona madhara akitumia kipimo cha kawaida. Hofu hii imelishwa na mambo mawili. La kwanza ni visa kama cha 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walipofariki mmoja baada ya mwingine. Kreatini ikalaumiwa, uchunguzi ukaonyesha kwamba vijana hao walikuwa wakijikausha maji kwa joto na mazoezi ili wapunguze uzani. La pili ni mfanano wa majina. Taka inayotokana na kreatini huitwa kreatinini, na ndiyo madaktari hupima katika damu ili wajue kama figo zinachuja vyema. Anayekula unga huu anaweza kupata kipimo kilichopanda kidogo ilhali figo zake ni salama.

Jambo hili lina uzito wa pekee Migori na Homa Bay, kaunti zilizo miongoni mwa zenye maambukizi mengi ya Virusi vya Ukimwi nchini. Wengi walio kwenye matibabu humeza kidonge kimoja chenye dawa tatu, mbili kati yake zikiwa tenofovir na dolutegravir. Ya kwanza inaweza kudhuru figo za watu wachache, ndiyo sababu kliniki hupima kreatinini. Ya pili huipandisha kreatinini kidogo bila kudhuru chochote. Ukiongeza unga wa misuli juu ya hayo, mhudumu wa afya anasoma nambari isiyoeleweka. Anaweza kumwondoa mgonjwa kwenye dawa iliyokuwa ikimfaa. Au, na hili ni baya zaidi, mgonjwa anaweza kujiambia kwamba ni unga tu, kumbe figo zinaharibika kweli. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu na yeyote aliyewahi kuambiwa ana tatizo la figo wamo katika kundi hilo hilo: wasianze bila daktari.

Ukanda wa ziwa pia una watu wengi waliorithi selimundu. Ugonjwa wenyewe hushambulia figo mapema maishani, kwa hivyo mgonjwa na aliache kopo hili. Waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa wazima, na wengi hawajui. Lakini utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu askari weusi wapatao 48,000 wa Marekani ulionyesha kwamba hao huwa katika hatari iliyozidi kwa asilimia 54 ya misuli kuvunjika kwa mazoezi makali. Vifo havikuongezeka, na jeshi hilo lina taratibu za maji na mapumziko. Anayepanda mlima saa saba mchana chini ya jua la Nyatike ajipangie taratibu zake, awe na unga au asiwe nao.

Anayetumia kreatini na anatarajiwa kupimwa damu aseme mapema, kabla sindano haijaingia. Akiacha, akiba ya misuli huchukua wiki nne hadi sita kurudi ilivyokuwa, kwa hivyo kuacha jana hakusaidii. Kuna kipimo kingine cha figo, sistatini C, kisichoathiriwa na unga huu, ingawa si kila hospitali huwa nacho. Na siku ya kliniki beba kopo lenyewe, ili mhudumu asome lebo kwa macho yake.