Kipimo cha Mlango wa Kizazi Kikitoka "Chanya": Si Hukumu ya Saratani, Wala Si Ushahidi wa Zinaa



Wengi wetu Unguja na Pemba tuna damu Tabora. Misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikatua Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika, moja Ujiji na nyingine Karagwe. Waliobaki njiani walioa na kuzaa huko. Mpaka leo shangazi yuko Tabora, mjomba yuko Ujiji, na simu hazikatiki. Katika simu hizo kuna jambo hurudi mara kwa mara: mwanamke amekwenda kupima mlango wa kizazi, ameambiwa "chanya", na nyumba imewaka moto. Mume anauliza umeyatoa wapi. Mama mkwe ananyamaza. Mwenyewe anaona kaburi, na tarehe ya kurudi hospitali inapita.

Tuanze na neno lenyewe, kwani lina maana mbili. Kuna kipimo cha siki: nesi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na penye seli zilizobadilika hugeuka peupe. Chanya hapo ni hiyo alama nyeupe tu. Kipimo cha pili hutafuta kirusi cha HPV, na chanya yake ni kuwa kirusi kipo. Hakuna hata kimoja kati ya viwili hivi kinachosema una saratani. Wanawake wengi mwili wao hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kikibaki, safari ya kufikia saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10, ndiyo maana yeye hupimwa mara kwa mara zaidi.

Alama ikionekana na ikawa ndogo, hutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi au kuchomwa kwa kifaa cha joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, dakika chache, bila kulazwa. Ikiwa kubwa, hukatwa kipande kwa waya wa umeme. Daktari akishuku saratani, huchukua kinyama kupeleka maabara kwanza. Kwa mtu wa Tabora tofauti hii ni kubwa mno: mabadiliko ya awali yanaweza kumalizwa karibu na nyumbani, lakini saratani yenyewe humtoa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, kwa majuma ya mionzi, mbali na watoto.

Sasa shutuma. Kirusi hiki huambukizwa zaidi kwa kujamiiana, hilo hatulifichi. Lakini hujificha miaka mingi kimya. Chaweza kuwa kimetoka kwa mume mwenyewe, ambaye haoni dalili yoyote na wanaume hawana kipimo chake cha kawaida. Au katika ndoa ya kwanza ya mjane. Hakuna daktari awezaye kusema kiliingia lini wala kwa nani. Allaah Ameweka katika Surat An-Nuur mashahidi wanne, na adhabu kali kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya hao. Mume naye ana hukumu yake ya li'ani, yenye viapo vizito. Karatasi ya maabara si shahidi hata mmoja.

Kuhusu uchi: kufunua kwa ajili ya tiba kunaruhusiwa kwa kadiri ya haja. Atangulizwe daktari au nesi wa kike, na huduma hii mara nyingi hufanywa na wanawake, basi aombwe bila haya. Asipopatikana, mwanamume mwaminifu, na mahram, mume au mwanamke mwingine awepo.

Baada ya tiba hutoka majimaji kwa wiki kadhaa, pengine na matone ya damu. Majimaji hayo si hedhi. Atajisafisha, ataweka pedi, na yakimtoka mfululizo atatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, kisha ataswali. Tendo la ndoa husimama kama mwezi mmoja ili kidonda kipone, na mume aambiwe hilo mapema kuliko kuachwa adhani ananyimwa. Kipimo hurudiwa baada ya mwaka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, kifaa kikiingizwa mchana wa Ramadhani saumu imevunjika na ataikidhi. Kwa asiye na dharura, bora apime usiku au mwezi mwingine.

Wanaohimizwa zaidi kupima ni wa miaka 30 hadi 50, hata kama hawaumwi popote. Kwa mabinti kuna chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Na aliyepigiwa simu kutoka Tabora, aulize kwanza tarehe ya kurudi kliniki ni lini, na nauli ipo.

Wa-Allaahu A'lam.