Una ajira, mshahara hautoshi: kazi ya pembeni ipi inakufaa?

Katika jumbe mnazotutumia studio, swali hili linarudi sana, hasa mwezi ukishafika katikati: mtu ni mwalimu, mhudumu wa zahanati, mlinzi au karani wa chama cha ushirika, mshahara anao, lakini haufiki mwisho wa mwezi. Afanye nini pembeni bila kuharibu kazi iliyomwajiri?

Msikilizaji, kabla ya kufikiria mtaji, hesabu saa zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kwa hiyo kama mwajiri anakubakiza kazini kila jioni, dai lako la kwanza la fedha za nyongeza huenda liko hapo hapo kazini. Na kama unatoka saa kumi, ulichonacho ni alfajiri, jioni na mwisho wa wiki. Kazi ya pembeni lazima ikubali kusubiri saa hizo.

Ndiyo maana uwakala wa kutuma na kutoa fedha, ambao wengi huukimbilia, humsumbua mwajiriwa. Wateja wanakuja saa nne asubuhi ukiwa darasani. Utamweka mtu kibandani, na huyo mtu atashika laini na namba yako ya siri. Tena mtaji wake umegawanyika: sehemu ni floti ndani ya simu, sehemu ni noti mkononi. Wakati wa mavuno wakulima wanalipwa kwa simu na wote wanataka kutoa, noti zinakwisha. Shule zikifunguliwa kila mzazi anataka kutuma, floti inakwisha. Mteja ukimwambia "hakuna" mara mbili, ya tatu haji. Kamisheni ni ndogo kwa kila muamala, inahitaji wingi. Kama mwenzi wako yupo nyumbani na anajua hesabu, sawa. Kama hayupo, mimi nisingeanzia hapo.

Kuku wa kienyeji wanaendana zaidi na ratiba yako. Unawahudumia alfajiri, unawafungia jioni. Tuchukue mfano wa majike 10. Kila mmoja akiangua vifaranga 8 baada ya siku 21, una 80. Usizihesabu zote kuwa fedha! Mwewe, baridi na maradhi vitachukua sehemu yake. Tuseme nusu wanakua: 40. Ukiwauza shilingi 15,000 kila mmoja ni 600,000, kisha utoe pumba, dawa, banda na miezi mitano au sita ya kusubiri. Weka bei ya mnada wa kwenu, si yangu.

Anayevuruga hesabu hiyo ni mdondo, wengine wanauita kideri. Kuku anashusha mabawa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na banda zima linaweza kuisha ndani ya siku chache. Hauna tiba. Una chanjo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na hupewa kuku wazima, si waliokwisha kuugua. Chupa moja inatosha kuku wengi, hivyo changeni na majirani mchanje siku moja. Hata ukichanja wako peke yako, wa jirani wataendelea kuulisha ugonjwa kijijini. Ofisa mifugo wa kata atawaelekeza.

Sasa upande wa mwajiri. Soma mkataba wako. Baadhi unadai utoe taarifa kabla ya kufanya kazi nyingine yenye malipo. Kufuga nyumbani hakumuudhi mtu. Lakini mhudumu wa zahanati anayewaelekeza wagonjwa kwenye duka lake la dawa, au karani anayeiuzia ofisi yake mwenyewe vifaa, huo ni mgongano wa maslahi na ajira inaweza kuondoka nao. Mwalimu pia awe makini: kuwatoza wanafunzi wake mwenyewe masomo ya ziada kumewaponza wengi.

Mtaji usiutafute kwenye mikopo ya kausha damu. Rejesho lake linadaiwa kila wiki, na kuku hatagi kwa ratiba ya mkopeshaji. Ni heri kuanza na majike watatu kwa mshahara wa mwezi huu, uongeze wawili mwezi ujao, au uombe kwenye kikoba chenu. Biashara ikianza kuonekana, nenda ofisi ya TRA ukaulize kodi ya kipato hicho cha pili inavyohesabiwa. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, asikuuzie mtu. Na fedha za kuku ziwe na laini yake ya simu, tofauti na ile ya mshahara, ili mwisho wa mwezi uone kama kuku wanakulisha wewe au wewe ndiye unayewalisha wao.