Hesabu ya Mlima na Baiskeli ya Gia Moja

Kabla jua halijatoka, ukiwa Mto wa Mbu, ukuta wa Bonde la Ufa huonekana kama kivuli kilichosimama upande wa magharibi. Barabara ya lami hukiendea moja kwa moja, kisha huanza kujipinda. Hapo ndipo nilipoanza siku yangu: kupanda hadi Karatu, kuzunguka vilima vya kata ya Daa, na kurudi chini kabla ya giza. Mbele yangu alitangulia kijana mwenye baiskeli nyeusi ya Phoenix, mikungu miwili ya ndizi imefungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Alipofika barabara inapoanza kuinuka hakujaribu hata kidogo kukanyaga pedali. Alishuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, akaanza kukokota.

Nilimpita nikiwa nimekaa, kwa kuwa baiskeli yangu ilikuwa na gia. "Habari za asubuhi, kaka," nilimsalimu. "Salama, pole na mlima," akanijibu. Aliyestahili pole ni yeye, na nilipanda mita mia kadhaa nikiiwaza. Watu wengi wakimwona mtu anakokota baiskeli husema mlima umemshinda. Nimekaa na hesabu ya jambo hili muda mrefu, na nina hakika kwamba kijana yule alichagua sawasawa.

Tuanze na mlima wenyewe. Mto wa Mbu uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Karatu karibu mita 1,500. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20 anabeba kilo 85 kwenda juu mita 500. Kazi hiyo, ukiacha msuguano na upepo, ni takriban kilojuli 415. Misuli ya binadamu hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, robo tatu zilizobaki huwa joto. Kwa hiyo mlima huu unadai kama kilokalori 400, ambazo ni sawa na gramu 115 hivi za unga mkavu wa mahindi. Ni sahani moja ya ugali, wala si ya mtu mwenye njaa kali. Nilipoipata namba hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu, maana miguu yangu ilidai kwamba mlima ni mkubwa kuliko hapo.

Basi ugumu unatoka wapi, ikiwa chakula chenyewe ni kidogo? Unatoka kwenye kani, yaani nguvu ambayo mguu unapaswa kuisukumia pedali katika kila mzunguko. Chukua mwinuko wa mita 7 kwa kila mita 100 za barabara. Mvuto wa dunia unawavuta nyuma mwendeshaji na baiskeli yake kwa nyutoni 58 hivi, na matairi yanaongeza kama 7. Baiskeli ya gia moja ya aina ya Phoenix husonga zaidi kidogo ya mita 5 kila pedali zinapozunguka mara moja. Mpangilio huo ni mzuri kwenye tambarare, mtu anakwenda kilomita 20 kwa saa bila kuhema. Mlimani ni kama kujaribu kung'oa kisiki kwa kijiti kifupi: kila mguu lazima usukume kwa wastani wa uzito wa kilo 33, na pale pedali inapofika mbele, zaidi ya kilo 50. Jambo la kusikitisha ni kwamba kupunguza mwendo hakusaidii. Kani inategemea mwinuko na meno ya gia, haitegemei haraka uliyo nayo.

Sasa weka ndizi za kilo 50 kwenye keria. Kani ya wastani kwenye pedali inapanda hadi kama kilo 52, na kileleni mwa kila mkanyago inazidi kilo 80. Kijana mwenye kilo 65 hawezi kuifikia hata akisimama na uzito wake wote juu ya pedali moja, ila avute usukani kwa mikono kila hatua. Na akifanikiwa? Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 100 hadi 150 kwa saa kadhaa. Kwa wati 130 na mzigo ule, mwendo wake ungekuwa kilomita 4.5 kwa saa, pedali zikizunguka mara 14 tu kwa dakika, baiskeli ikiyumba kwa sababu kwa mwendo mdogo hivyo ni vigumu kuishikilia isianguke. Kilomita 4.5 kwa saa ni mwendo wa kutembea. Akishuka, anakwenda karibu sawa, magoti yake yanapona, na hatua zake fupi zinakuwa gia ndogo ambayo kiwanda hakikumpa. Mimi niliyekuwa na gia ndogo nilisonga mita 1.6 kila mzunguko, na mguu wangu ulisukuma wastani wa kilo 10. Miguu yetu haikutofautiana. Meno ya chuma ndiyo yaliyotofautiana.

Ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba kukokota si kushindwa uko Ufaransa. Mwaka 1910 mbio za Tour de France zilipitishwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pyrenees, katika barabara za mawe na matope. Kwenye mlima wa Tourmalet, Octave Lapize alikuwa akishuka na kukokota, akipanda tena, akishuka tena. Gustave Garrigou aliendesha njia yote bila kugusa ardhi na akapewa zawadi ya faranga 100 kwa hilo. Lakini aliyetangulia kufika juu ni Lapize mkokotaji. Siku ile alishinda, na mwaka ule akatwaa mbio zote. Waandaaji hawakuruhusu gia za kubadilisha kwa kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mwendeshaji alisimama, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie meno ya upande wa pili.

Katikati ya kupanda nilisimama karibu na mibuyu inayoshikilia mwamba, nyani wakinitazama, nikala ndizi nyekundu niliyoinunua chini. Ukigeuka hapo unaliona Ziwa Manyara na msitu wa kijani kibichi chini ya ukuta. Msitu ule hauishi kwa mvua inayouangukia peke yake. Mvua ya nyanda za juu za Ngorongoro hupenya kwenye miamba ya volkano, husafiri chini ya ardhi na kuibuka kama chemchemi miguuni mwa ukuta. Maji yanashuka ndani ya mlima huohuo ambao sisi tunaupanda kwa nje.

Mimi pia nilikuwa navuja. Ukitoa wati 130 kwenye pedali, mwili unazalisha kama wati 400 za joto, na ili kuliondoa kwa jasho unahitaji zaidi ya nusu lita ya maji kila saa. Bahati nzuri hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000, ndiyo maana watu wa Karatu wanavaa sweta asubuhi wakati wa Mto wa Mbu wamefungua vifungo vya shati. Kanieneo ya hewa Karatu ni kama asilimia 84 ya ile ya pwani. Mtu wa Dar es Salaam atahema zaidi. Mzawa hata hajui kuna jambo.

Daa ilinifundisha somo jingine. Huko hakuna ukuta mmoja, kuna vilima, na vumbi jekundu la miamba ya volkano iliyooza, lenye chuma kilichoshika kutu. Unapanda, unashuka, unapanda. Mtu hudhani kushuka kunalipa deni la kupanda, lakini hakulipi. Ukipanda kilomita 1 kwa mwendo wa 7 kwa saa, kisha ukashuka kilomita 1 kwa mwendo wa 30, wastani wako hauwi 18 na ushei, unakuwa 11 tu, kwa kuwa muda mwingi uliutumia mlimani. Vumbi laini nalo linakula nguvu mara kadhaa zaidi ya lami. Saa nane mchana akiba ya wanga kwenye misuli yangu ilikuwa imekwisha, na mapaja yakawa kama ya mtu mwingine. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia aliniangalia akasema, "Kaa kwanza, mwanangu." Nilikaa, nikala mawili.

Jioni ilikuwa ya breki. Zile kilojuli 415 za asubuhi zinarudi, na zisipochukuliwa na upepo lazima ziishie kwenye rimu na raba za breki. Ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 1 ya maji ya chai. Ukiiachia baiskeli kwenye mwinuko wa 7 kwa 100, itakimbilia kilomita 45 kwa saa kabla upepo haujaizuia, na ukiongeza mwendo maradufu, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Kwa hiyo nilibana na kuachia, breki ya mbele kisha ya nyuma, nikizipa rimu nafasi ya kupoa.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya Mto wa Mbu nilimwona tena yule kijana wa ndizi. Alikuwa anashuka, keria ni tupu, amekaa wima, ndala ya mguu wa kulia ameikandamiza juu ya tairi la mbele kwa sababu breki zake zilikuwa zimeisha. Aliinua mkono kunisalimu. Nilikwenda nyuma yake taratibu hadi kwa fundi baiskeli wa kwanza, tukanunua raba nne za breki, mbili zake na mbili zangu, na fundi akatuambia tusiguse rimu mpaka zipoe.