Mtoto Asiyetaka Mboga

Mtoto wa miaka miwili akifumba mdomo mbele ya sahani, wengi wetu hukimbilia chai ya maziwa na mahamri ili asilale na njaa. Shibe hiyo ina hasara: chai huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde, na chuma kikipungua, damu nayo hupungua.

Jikoni mwetu mna badala yake. Pojo za nazi tuzipondeponde na wali laini, kisha tukamulie ndimu, kwani vitamini C iliyomo husaidia chuma kufyonzwa. Mchicha anaoukimbia tuukate mwembamba mno, tuuchanganye na mbaazi au boga la tui jepesi. Asiyetaka kulishwa kwa kijiko huenda akapenda kushika mwenyewe kipande cha kiazi kitamu. Njugu tuzisage, nzima humpalia.

Akikataa leo, tusimlazimishe, maana mboga moja huweza kuhitaji kuonjwa mara 10 na zaidi. Tumketishe siniani na nduguze, aseme Bismillahi, awaone wakila. Maziwa tumpe bila majani ya chai, baina ya mlo na mlo.