UZI: "Tumewajali walemavu." Sawa, na yule ambaye ulemavu wake hauonekani?

Kampeni zikifika Kitengela, viti vya magurudumu vinagawanywa, picha zinapigwa, makofi, basi. Leo tuongee kuhusu mwanafunzi ambaye hana kitu cha kupigiwa picha. Anaona, anasikia, anatembea, na akili anayo. Lakini kusoma kunamtesa. Wenzake wakimaliza ukurasa wa nne, yeye bado yuko wa kwanza. Hiyo inaitwa disleksia, na ni mojawapo ya aina za ulemavu wa kujifunza. Sasa amemaliza Form Four, anataka chuo.

Hapa ndipo mtu huingia kwenye mjadala na kusema "huyo ni mvivu tu." Katiba ya 2010 ilishamjibu. Kifungu cha 260 kinaeleza ulemavu kwa upana: wa mwili, wa hisi, wa akili na hali nyinginezo zinazomzuia mtu kwa kiasi kikubwa, au kwa muda mrefu, kufanya shughuli za kawaida za kila siku. Hakisemi lazima uonekane. Kifungu cha 54 kinampa haki ya kufika kwenye taasisi za elimu, na haki ya vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vyake. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ikatoa sera ya wanafunzi wenye ulemavu, na ulemavu wa kujifunza umo ndani.

Kwa hivyo shida si sheria. Shida ni karatasi.

KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wana utaratibu maalum kwa waombaji wenye ulemavu. Lakini ukisema una ulemavu, lazima utambulike. Na hapa Kenya kuna milango miwili isiyoongea vizuri. Mmoja ni EARC, vituo vya Wizara ya Elimu vya kupima watoto, vilivyoanza 1984. Hao ndio wanaoelewa mambo ya kusoma na kuandika. Mwingine ni Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, linalotoa kadi. Baraza linataka ripoti ya daktari kutoka hospitali, si ya mwalimu. Sasa mzazi wa Kitengela anashika matatu, anapita Isinya, anafika Kajiado mjini ilipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Daktari anamwangalia kijana macho, masikio, miguu. Kila kitu kiko sawa. Utamwambia nini?

Jirani yangu alipitia hayo na mwanawe. Nilichojifunza kwake ni kwamba ripoti ya EARC, ukiibeba kwa daktari, inabadilisha mazungumzo kabisa. Ukienda mikono mitupu unaonekana unatafuta bursary tu. Wanaoweza kufika Nairobi wanaenda KISE kule Kasarani, nako wanapima.

Kuna wanaosema wapewe vyuo vyao. Vipo vya ufundi vilivyojengwa kwa ajili ya wengine: Machakos kwa wasioona, Karen kwa viziwi. Mwenye disleksia hahitaji chuo chake. Anahitaji muda zaidi kwenye mtihani, mtu au kompyuta ya kumsomea maswali, na mhadhiri asiyemlazimisha kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Muda wa ziada haumpi mtu jibu asilolijua, jameni.

Na akikosa C+ ya digrii, si mwisho. Diploma ni C-, cheti cha ufundi ni D, na ngazi ya chini kabisa ya ufundi inapokea hata E. Pale Kajiado kuna Masai Technical. Lakini nisieleweke vibaya: kijana aliyepata D kwa sababu hakumaliza kusoma maswali hajapimwa akili, amepimwa kasi.

Sasa tuje kwa wanaotafuta kura 2027, maana kila mtu huahidi kila kitu. Vyuo vikuu, sekondari na EARC ni za serikali ya kitaifa. Gavana akikuahidi nafasi ya chuo kikuu anakuchezea. Lakini hospitali ya kaunti ni yake, na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vyake. Muulize: hospitali ya Kajiado ina mtaalamu wa kupima ulemavu wa kujifunza? Mbunge naye anapitisha bajeti ya Wizara ya Elimu. Muulize EARC za Kajiado zina watu wangapi, na gari la kwenda kule ndani zinalo? Usimwulize kama anawajali walemavu. Hilo atajibu ndiyo.

Kama una mtoto Form Two au Three mwenye dalili hizi, usingoje KCSE. KNEC wanahitaji kujua kabla ya mtihani, wakati wa usajili, na dirisha la KUCCPS likifunguliwa halikai wazi muda mrefu. Anzia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uliza EARC iko wapi, na kila karatasi utakayopewa, piga kopi.