Je, Wajua? Nyimbo Zinazoganda Kichwani

Je, wajua kwamba mpanda milima mmoja wa Uingereza alipigania uhai wake huku kichwani mwake kukipigwa wimbo wa Boney M? Mwaka 1985 Joe Simpson alivunjika mguu akiteremka mlima Siula Grande, huko Peru. Mwenzake, Simon Yates, alikuwa akimshusha kwa kamba gizani hadi akalazimika kuikata ili wasife wote wawili. Simpson akatumbukia katika ufa mkubwa wa barafu. Alitoka humo peke yake, akatambaa siku kadhaa bila chakula, akitafuta kambi. Katika saa zile ngumu, "Brown Girl in the Ring" uliingia kichwani ukagoma kutoka. Hakuwa mpenzi wa kundi hilo hata kidogo, na baadaye alisimulia jinsi alivyokereka kuona kwamba huenda angekufa Boney M wakimwimbia.

Afrika Mashariki tunalijua vizuri kundi hilo. Liliwahi kuimba upya "Malaika", na mwaka 1983 likarudia "Jambo Bwana", wimbo ambao Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameutoa mwaka mmoja kabla. Huo nao ni wa kuganda: maneno yake ni salamu za kila siku, kwa hiyo mtu akikusalimu tu unaweza kujikuta umeshaanza kuuimba kimoyomoyo.

Je, wajua kwamba jambo hili humpata karibu kila mtu? Mtafiti wa Ufini, Lassi Liikkanen, aliwauliza watu zaidi ya 12,000 nchini mwake kupitia mtandao. Karibu tisa katika kila kumi walisema hupatwa nalo angalau mara moja kwa wiki. Basi anayeamka na wimbo wa tangazo la sabuni hana kasoro yoyote. Yuko pamoja na walio wengi.

Wala si ugonjwa wa zama za redio na simu. Mwaka 1876, kabla mtu yeyote hajaweza kurekodi muziki akausikiliza tena, Mark Twain alichapisha kisa katika jarida la Atlantic Monthly kuhusu vibeti vya kondakta anayetoboa tiketi za abiria. Msimulizi anavisoma gazetini, na tangu hapo hawezi kuandika, kula wala kulala. Anaponea pale rafiki yake mchungaji anapovidaka. Yeye anapata nafuu, na mchungaji anakwenda kuongoza mazishi huku mahubiri yake yakifuata mapigo ya vile vibeti! Ni hadithi ya kubuni, lakini Twain aliona jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia: mmoja akianza kuuimba wimbo jikoni, kufikia jioni nyumba nzima inao.

Ni nyimbo za namna gani zinazoganda? Kelly Jakubowski wa Chuo Kikuu cha Durham na wenzake walikusanya majibu ya watu 3,000, kisha wakalinganisha nyimbo zilizotajwa na nyingine zilizovuma kiasi hichohicho lakini hazikutajwa. "Bad Romance" wa Lady Gaga ndio uliotajwa zaidi. Walibaini kwamba zinazoganda huwa na mwendo wa haraka kidogo, na mahadhi yake hupanda na kushuka kwa njia iliyozoeleka, kama "Twinkle, Twinkle" wa shule za chekechea. Hata hivyo, ndani ya mazoea hayo huwemo kitu kisichotarajiwa: mruko wa ghafla wa sauti, au noti moja inayorudiwa kuliko kawaida. Nadhani hapo ndipo ulipo ufundi wa mtunzi. Ukifanya yote kuwa mapya, msikilizaji hashiki kitu; ukiyafanya yote ya kawaida, hakuna cha kushika.

Mlio wa simu za Nokia ni mfano ulio wazi. Una noti 13 tu, na watu wengi wenye umri wa kukumbuka simu zile wanaweza kuuimba sasa hivi. Je, wajua kwamba ni kipande cha muziki wa gitaa? Mhispania Francisco Tárrega alitunga "Gran Vals" mwaka 1902, na Nokia ikakiingiza kipande hicho katika simu zake mwaka 1994. Tárrega alikuwa amefariki mwaka 1909, hakuwahi hata kuota kitu kama simu ya mkononi.

Ukitaka kuona nguvu ya marudio, simama dakika tano Kariakoo karibu na meza ya machinga mwenye kipaza sauti. Amejirekodi akitaja bei, na rekodi inajirudia bila kupumzika. Mara ya kwanza unasikia bei. Ikifika mara ya kumi, maneno yaleyale yana mapigo, yanapanda na kushuka, na miguu yako imeanza kuyafuata. Diana Deutsch, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aligundua jambo hilohilo kwa bahati mwaka 1995 alipokuwa akihariri rekodi ya sauti yake mwenyewe. Kifungu cha maneno machache kiliachwa kikijirudia, na baada ya muda akasikia kama mtu anaimba. Hakuna kilichobadilishwa katika rekodi. Kilichobadilika ni namna ubongo ulivyoipokea.

Mwenzake katika fani hiyo, Elizabeth Margulis, alichukua kazi za Luciano Berio na Elliott Carter, watunzi waliokwepa marudio, akakata vipande na kuvipachika tena ili virudie. Wasikilizaji wakapenda zaidi zile zilizochezewa kuliko zilivyotoka kwa watunzi wenyewe. Waimbaji wa taarab wanaorudia kiitikio mpaka ukumbi mzima uitikie hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Sasa, jambo linalonishangaza kuliko yote ni usahihi wa wimbo ulioganda. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliwavizia watu kwa ujumbe wa simu nyakati zozote za siku. Aliyekuwa na wimbo kichwani alitakiwa auimbe papo hapo na kujirekodi. Karibu nusu ya rekodi zililingana kabisa na kimo cha sauti cha wimbo halisi, na kiasi cha saba katika kumi zilikosea kwa nusu toni au chini ya hapo. Watu hawa hawakuwa wanamuziki mahiri, wala hawakupewa noti ya kuanzia. Ndani ya kichwa cha mtu anayejiona hajui kuimba mna kumbukumbu ambayo mwalimu wa kwaya angeililia.

Na kumbukumbu hiyo hujiendesha yenyewe. Katika jaribio la Chuo cha Dartmouth lililochapishwa mwaka 2005, watu walisikilizishwa nyimbo wanazozijua huku sekunde chache zikifutwa hapa na pale. Penye kimya, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kusikia iliendelea kufanya kazi kama vile muziki haujakatwa, na wenyewe wakasema waliendelea kuusikia.

Hapo ndipo tunapata fununu ya tiba. Wimbo ulioganda kwa kawaida si wimbo mzima. Ni kipande kifupi, mara nyingi kiitikio, kinachozunguka kwa kuwa hakifiki popote. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik aliripoti kwamba kazi iliyokatizwa njiani hukumbukwa kuliko iliyokamilika, na wapo wanaodhani wimbo uliokatika hutusumbua kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo usikimbilie kuufukuza. Utafute, uusikilize wote, mpaka noti ya mwisho. Ikishindikana, shughulisha akili kwa kitu cha wastani, kama kitabu kizuri au fumbo la maneno. Ira Hyman na wenzake huko Marekani waliona kwamba kazi rahisi mno huacha nafasi, na iliyo ngumu mno huifanya akili itoroke, na mara zote mbili wimbo hurudi. Hata chingamu, au bigijii kama wengi tunavyoiita, husaidia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading waliwapima watu 98 mwaka 2015 wakaona wanaotafuna wanasumbuliwa mara chache kuliko wasiotafuna, pengine kwa kuwa kinywa kinachotafuna hupata shida kuimba kimyakimya.

Wanaosikiliza muziki kitandani, angalieni: mwaka 2021 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor aligundua kwamba nyimbo maarufu zikipigwa kwa ala tupu, bila maneno, huganda zaidi na kuvuruga usingizi kuliko zikiwa na maneno yake.

Yapo mengine yanayofanana na haya lakini si haya. Februari 1854 mtunzi wa Kijerumani Robert Schumann alianza kusikia noti moja isiyokoma, kisha muziki mzima, kana kwamba watu wanampigia. Kabla mwezi haujaisha alijitupa katika mto Rhine. Akaokolewa, akamalizia maisha yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Wimbo ulioganda unajua uko kichwani mwako. Muziki unaosikika kama unatoka nje, chumba cha pili au kwa jirani, ni jambo jingine, na huwapata hasa wazee ambao masikio yao yameanza kufifia. Wengi wao wana akili timamu kabisa. Basi bibi akisema usiku anasikia kwaya na hakuna kwaya, msimcheke wala msimpeleke kwa mganga. Mpelekeni hospitali akapimwe masikio.